Sinia Moja, Mikono Mingi: Chakula cha Kihabeshi, Mbulu, Hanang na Sisi



Siku hizi mashoga wakitaka kumuaga biharusi mtarajiwa hawaishii tena kwenye pilau la nyumbani. Wanachanga, wanashona sare, wanakwenda kula nje. Dar es Salaam na Arusha, mkahawa wa Kihabeshi umekuwa miongoni mwa inayopendwa kwa shughuli hiyo. Sababu iko wazi. Chakula kinaletwa kwenye sinia moja, kila mtu anakula kwa mkono, na hakuna anayejitenga na sahani yake. Na picha zinatoka nzuri, tusidanganyane.

Ila tunaona wengi wanakula sinia lile kama kitu cha ugenini, kitu cha kujaribu mara moja kisha basi. Na wengine hawafiki kabisa, kwa swali moja tu: nyama hii kachinja nani? Swali hilo ni la haki, na wala hatulipuuzi. Lakini limewahi pia kuwatenganisha mashoga waliopendana, mmoja akaacha kwenda kwenye harusi ya mwenzake kwa kuona haya kuuliza. Leo tukae kitako tuelezane historia. Tutaanzia mezani, twende Mbulu na Hanang mkoani Manyara, tufike Habasha ya zama za Mtume (S.A.W.), kisha turudi Unguja. Mtaona kwamba swali la nyama lina umri mkubwa, na waliotutangulia walikwisha kulitafutia adabu yake.

Kilichomo sinia

Kinachotandikwa chini ni injera. Hutengenezwa kwa nafaka inayoitwa tefu, ndogo kuliko ulezi, ambayo watu wa Ethiopia wameilima kwa maelfu ya miaka. Unga hukorogwa na maji, huachwa siku mbili tatu uchachuke, kisha humiminwa kwenye bamba pana la moto na kufunikwa. Haigeuzwi. Upande wa chini unakuwa laini, wa juu unatoka vitundu. Aliyekulia visiwani akiviona vile vitundu atakumbuka chila na mkate wa kumimina. Wasomali wanayo anjera yao, Wayemeni wana lahuhu yao. Ni ndugu wa pwani moja na bahari moja.

Juu yake humwagwa michuzi, kila mmoja mahali pake. Kuna doro wati, mchuzi wa kuku na mayai ya kuchemsha, ambao vitunguu vyake hukaangwa muda mrefu mpaka viyeyuke. Kuna adesi nyekundu, kuna shiro ya unga wa dengu, kuna mboga za majani. Viungo vyake si vigeni kwetu: pilipili kavu, tangawizi, hiliki, uwatu na thomu, vikasagwa pamoja vikaitwa berbere. Samli nayo huchemshwa na viungo kabla haijatumika. Sinia likitoka jikoni huwekwa juu ya kikapu kirefu cha kusuka chenye mfuniko wa pembe, kinaitwa mesobu. Ukikiona utadhani ni mama mdogo wa kawa zetu za ukili. Mji wa Harar, ambao ni mji mkongwe wa Kiislamu mashariki mwa Ethiopia, wanawake wake wanasifika kwa kusuka vikapu vya rangi, na vikapu hivyo ni miongoni mwa mapambo ya nyumba ya biharusi.

Halafu kuna gursha. Mwenyeji au rafiki anakata kipande cha injera, anakizungushia mchuzi, anakutia tonge mdomoni kwa mkono wake. Sisi kulishana tunakufanya siku ya harusi, bwana na bibi mbele ya keki. Kwa Wahabeshi hata mama mkwe hukulisha, hata shoga, hata mgeni aliyefika leo. Kukataa bila sababu ni kumvunja moyo aliyekunyooshea mkono.

Neno moja la Mbulu

Mbulu na Hanang zinaingiaje? Zinaingia kwa mdomo, na tunasema hivyo kwa maana ya neno lenyewe.

Katika kundi letu tuliosoma pamoja ufundi wa kushona, mmoja ni Mwiraqw wa Mbulu na mwingine ni Mbarabaigi wa Hanang. Mwaka tuliokwenda Mbulu kwa harusi ya huyo wa kwanza, tulipumzika Arusha tukala chakula cha Kihabeshi, sote kwenye sinia moja. Tonge la gursha lilipomfikia, alicheka akasema kwao mdomo unaitwa *afa*. Dada aliyekuwa akituhudumia, mtu wa Addis Ababa, akasimama na birika mkononi. Kwao, kwa Kiamhari, mdomo ni *af*. Msomali naye husema *af*, Muoromo husema *afaan*.

Si bahati tu. Lugha nyingi za Tanzania ni za Kibantu, lakini Kiiraqw ni cha jamii ya Kikushi, jamii ile ile ya Kioromo, Kisomali na Kiafar. Kiamhari ni cha tawi jingine, la Kisemiti, pamoja na Kiarabu, lakini matawi yote mawili ni ya mti mmoja. Kwa hiyo mwanamke wa Kiiraqw anayepika jikoni kwake Mbulu anazungumza lugha ambayo jamaa zake wengi wako kaskazini kabisa, Ethiopia na Somalia.

Wataalamu wa mambo ya kale wamepata zaidi ya maneno. Kwenye nyanda za juu za Manyara, katika nchi hiyo ya Mbulu na Babati, kuna mahali panaitwa Luxmanda. Hapo waliishi wafugaji wapatao miaka 3,000 iliyopita, na ni miongoni mwa makazi makubwa ya wafugaji wa zama hizo yaliyopatikana Afrika Mashariki. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya mtu aliyezikwa hapo zamani hizo. Sehemu ya asili yake ililingana na ya mtu mwingine wa kale aliyepatikana katika pango la Mota, kusini mwa Ethiopia, aliyeishi miaka 4,500 iliyopita. Sehemu nyingine ilielekea mbali zaidi, kwenye wakulima wa mwanzo wa nchi za Sham. Na mwaka 2020 ukachapishwa uchunguzi wa vipande vya vyungu vya kale kutoka Kenya na Tanzania, vya Luxmanda vikiwemo. Ndani ya udongo wa vyungu mlikuwa mmebaki mafuta ya maziwa na ya nyama.

Hebu fikirini, mashoga. Chungu cha jiko la mtu ambaye jina lake limepotea, kimekaa ardhini miaka 3,000, na bado kinatuambia kilipika nini.

Hatusemi Wairaqw ni Wahabeshi. Wana nchi yao, mila zao na chakula chao: ugali, makande, maziwa ya mgando. Tefu haikuwa nafaka yao, wao walilima mtama na ulezi kabla mahindi hayajaenea. Tunachosema ni kwamba njia ya watu na ng'ombe kutoka nchi ya Habasha mpaka Mbulu ni ya kale kuliko mipaka yote tunayoijua. Na hata leo Mbulu inatia mkono katika sinia zetu, maana thomu inayolimwa kule, hasa upande wa Bashay, inasifika masoko mengi ya nchi hii.

Hanang, asali na ngano

Ukitoka Mbulu ukashuka upande wa kusini unauona Mlima Hanang, unaozidi mita 3,400, na mji wa Katesh chini yake. Hii ni nchi ya Wabarabaigi, ambao ni Wadatoga. Lugha yao si ya Kikushi, ni ya Kiniloti, jamaa na Kinandi na Kimasai. Karibu yao wako Wanyiramba na Wanyaturu ambao ni Wabantu, na Yaeda Chini huko Mbulu wako Wahadzabe wenye lugha yao ya peke yake. Ni sehemu chache sana Afrika ambapo majirani wa lugha za asili mbalimbali hivyo wanauziana ng'ombe, wanaoana na kualikana.

Kwa Wabarabaigi asali ni kitu cha heshima. Wazee hutengeneza pombe ya asali kwa shughuli kubwa, na Wahabeshi wanayo yao, inaitwa teji, huwekwa kwenye chupa za shingo ndefu. Biharusi wetu, hiyo isikutie hofu mkahawani, lakini uijue jina usije ukaletewa ukidhani ni sharubati. Waislamu wa Ethiopia wana chao, berzi, ambacho ni maji ya asali yasiyochachushwa. Uliza hicho. Kama hakipo, kuna juisi na kuna kahawa.

Hanang pia ni ngano. Kuanzia miaka ya 1970 serikali, kwa msaada wa Canada, ilifungua mashamba makubwa ya ngano kule Basotu, yakafika karibu ekari 100,000. Nchi ilipata unga. Wabarabaigi walipoteza malisho yao mazuri na makaburi ya wazee wao yakalimwa, wakafika hadi mahakamani kuyadai. Shoga yetu wa Hanang anakula chapati kama sisi sote, lakini babu yake hakuwahi kuisifu. Tunalitaja kwa sababu chakula kikishafika mezani kimepambwa, ni rahisi kusahau kilikopita.

Harusi iliyofungwa Habasha

Sasa twende kwenye Habasha tunayoisoma madrasa. Mwaka 615, Waislamu wa Makka walipozidiwa na mateso, Mtume (S.A.W.) aliwaruhusu wakimbilie kwa Najashi, mfalme Mkristo aliyejulikana kwa uadilifu. Kundi la kwanza lilikuwa dogo, na wanawake walikuwa wanne, mmoja wao Bibi Ruqayya binti ya Mtume pamoja na mumewe Uthman bin Affan. Baadaye wakafuata wengi zaidi, wakiongozwa na Jaafar bin Abi Talib. Waliishi huko miaka, wakala chakula cha nchi ile, wakazaa watoto huko.

Mmoja wa waliohama ni Bibi Ramla binti Abi Sufyan, tunayemjua kama Ummu Habiba. Alifiwa na mumewe ugenini, akabaki na mtoto. Ndipo Mtume (S.A.W.) alipotuma posa kwa Najashi. Simulizi za sira zinasema Najashi mwenyewe ndiye aliyesimamia, akatoa mahari ya dinari 400, na wakili wa biharusi alikuwa Khalid bin Said. Watu walipotaka kuinuka baada ya ndoa, Najashi akawazuia, akawaambia kwamba ni mwendo wa Mitume kula chakula panapofungwa ndoa. Chakula kikaletwa wakala. Wake zake nao wakampelekea biharusi manukato, udi na ambari.

Mabiharusi, tuitazame vizuri harusi hiyo. Bibi ni mkimbizi, hana baba wala kaka wa kumsimamia, kwa kuwa baba yake wakati huo alikuwa upande wa maadui. Waliomtengeneza ni majirani wa nchi ngeni. Udi ule tunaojifukiza leo ndani ya chumba cha biharusi, yeye aliletewa na wanawake wa Habasha.

Na kuna la pili. Sote tumefundishwa tangu utotoni adabu za kula: taja jina la Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wa kulia, kula kilicho mbele yako. Aliyefundishwa hayo na Mtume (S.A.W.) alikuwa mtoto, Umar bin Abi Salama, mkono wake ulipokuwa ukizunguka kila upande wa sinia. Alikuwa mwana wa Bibi Ummu Salama, na waandishi wa sira wanasema alizaliwa Habasha, wazazi wake walipokuwa uhamishoni. Adabu ile ni ya sinia la pamoja hasa. Anayekula peke yake kwenye sahani yake hana wa kumpokonya tonge.

Habasha ndani ya Unguja

Tusije tukaisimulia historia kwa upande mtamu tu. Habasha ilifika Unguja pia kwa njia ya utumwa. Katika majumba ya Sayyid Said bin Sultan, aliyefariki 1856, walikuwamo masuria wa Kihabeshi waliochukuliwa kwao wakiwa wadogo. Sayyida Salme, binti yake, aliwaandika katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1886. Mama wa Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa Mhabeshi. Na ni Barghash huyo, kwa shinikizo la Waingereza, aliyetia saini mwaka 1873 mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja.

Wanawake wale walikula wapi, na nani aliwatia tonge? Walizaa watoto waliokuwa watawala, na kaburi la mama hao wengi hatulijui. Ukiona sura ya Kihabeshi katika familia za mjini, usiishie kusifu nywele na macho. Kuna mama aliyeletwa bila kuulizwa.

Nyama na adabu ya kuuliza

Turudi kwenye swali letu. Ethiopia Waislamu na Wakristo wamekaa nchi moja tangu zama za Najashi, na kwa desturi kila upande hula nyama iliyochinjwa na wa kwake. Ungedhani basi hawaalikani. Wanaalikana sana. Sehemu kama Wollo, ambako ukoo mmoja unaweza kuwa na dini zote mbili, mwenye harusi Mkristo huandaa nyama ya wageni Waislamu mbali, ikachinjwa na Muislamu na kupikwa kwenye vyungu vyake. Muislamu naye huwafanyia hivyo majirani zake. Hakuna anayeuliza kwa aibu, kwa sababu mwenyeji ameshauliza kabla.

Kuna na mlango mwingine. Wakristo wa Othodoksi wa Ethiopia hufunga siku nyingi za mwaka, zikiwemo karibu Jumatano na Ijumaa zote. Siku hizo hawali nyama, maziwa, samli wala mayai. Kwa hiyo kila mkahawa wa Kihabeshi una sinia la mfungo: adesi, shiro, kabichi, mboga za majani, vyote kwa mafuta ya mimea. Sinia hilo Mkristo aliyefunga anakula, Muislamu anakula, Mhindu asiyekula nyama anakula. Kwa kundi la mashoga wa dini mbalimbali hakuna sinia lenye raha kuliko hilo.

Na Mbulu tuliyoyaona ni hayo hayo. Familia ya shoga yetu ni Wakatoliki, kama walivyo wengi kule. Wiki moja kabla, mama yake alitupigia simu yeye mwenyewe. Hakutuuliza tunakula nini au hatuli nini. Alituuliza tungependa nani achinje. Kulikuwa na jirani yao Muislamu, muuza duka, akaitwa asubuhi ya harusi akachinja mbuzi wawili, wakapikwa kwenye sufuria mpya upande wa pili wa ua. Tulipofika tulikuta sinia letu limefunikwa, na yule mama amekaa karibu yake asije mtu akachanganya vijiko. Tulikula tukashiba. Kisha biharusi, akiwa na gauni tulilomshonea sisi, akaja akaketi nasi akala kwenye sinia letu.

Katika Suratul Maida, aya ya 5 inazungumzia chakula cha Watu wa Kitabu, na masheikh wameifafanua kwa upana. Hatutatoa fatwa hapa. Muulize sheikh unayemwamini, ufuate moyo wako ulipotulia. Letu sisi ni dogo: kuuliza si kumtukana mwenyeji, na kuulizwa si kutukanwa. Yule mama wa Mbulu hakuwahi kufika Ethiopia, lakini alifanya walichofanya watu wa Wollo.

Kwa biharusi anayepanga siku yake

Ukitaka kuwaalika mashoga mkahawa wa Kihabeshi, piga simu kabla ya siku. Uliza nyama inanunuliwa wapi na nani anachinja. Jibu lisipokuridhisha, agiza sinia la mfungo kwa wote, msianze kugawana meza. Uliza pia kama injera yao ni ya tefu tupu au imechanganywa ngano, kwa ajili ya mwenye tumbo linalokataa ngano. Kitfo ni nyama mbichi au iliyopashwa kidogo tu, mjamzito aiache. Sare ya mikono mipana haifai kwa chakula cha mchuzi. Mshonaji wako akuwekee mkono wenye lastiki, upandishe.

Mkimaliza msikimbilie kuondoka. Kahawa ya Kihabeshi hukaangwa mbele yenu, ubani unafukizwa, bisi zinaletwa kwenye bakuli, na hunywewa mara tatu. Mzunguko wa kwanza unaitwa aboli, wa pili tona, wa tatu baraka. Wahabeshi husema mgeni asiondoke kabla ya baraka. Kaeni mpaka huo wa tatu, mumuombee mwenzenu dua ya ndoa yenye mapenzi na rehema. Na yule shoga wa dini nyingine aliyekuja na zawadi yake, mtieni tonge la kwanza.